Moyo wa Mgonjwa wa Saratani ni Dhamana ya Nani?

Mwaka 2022 Wamarekani 702,880 walikufa kwa maradhi ya moyo na 608,371 kwa saratani. Hesabu hizo huchapishwa kila mwaka katika mistari miwili, na anayezisoma huona makundi mawili ya marehemu. Lipo kundi la tatu lisilo na mstari wake: watu wazima waliokuwa na maradhi yote mawili kwa pamoja. Kundi hilo linakua, kwa kuwa wengi sasa wanapona saratani au wanaishi nayo miaka mingi, na wengi wanaishi na moyo mgonjwa kwa msaada wa dawa. Mwaka huo huo wa 2022, Marekani ilikuwa na watu wapatao milioni 18 waliowahi kugunduliwa na saratani.

Hoja inayojadiliwa hapa ni hii: kliniki ya saratani ina wajibu wa kuupima na kuulinda moyo wa mgonjwa tangu siku anapogunduliwa. Wasemaji ni watano: mtakwimu, daktari wa saratani, daktari wa moyo, muuguzi, na mama anayemuuguza mumewe. Sikuwapa majina, kwa sababu hoja zao si za mtu mmoja mmoja. Ni hoja za wengi walio katika kazi hiyo na katika msiba huo. Mwenyekiti ni mimi mwandishi.

MWENYEKITI: Tuanze na hesabu. Bwana mtakwimu, vifo vya watu hawa vinaongezeka au vinapungua?

MTAKWIMU: Asante, mwenyekiti. Nianze na habari njema. Kiwango cha vifo vya saratani Marekani kilifika kileleni mwaka 1991, na kufikia 2022 kilikuwa kimeshuka kwa takriban theluthi moja. Vifo vya moyo vilianza kushuka mapema zaidi, mwishoni mwa miaka ya 1960, na kiwango chake kimepungua kwa zaidi ya nusu. Viwango hivi vimesawazishwa kwa umri, ili nchi yenye wazee wengi isionekane inakufa zaidi kwa sababu ya uzee wake tu. Hata hivyo, kasi ya kushuka kwa vifo vya moyo ilipungua kuanzia karibu mwaka 2011, na mwaka 2020, UVIKO ulipoingia, kiwango kilipanda. Saratani haikusimama; iliendelea kushuka.

MWENYEKITI: Na wale wenye yote mawili?

MTAKWIMU: Watafiti wamechambua vyeti vya vifo vya nchi hiyo kuanzia 1999 wakitafuta vyenye saratani na moyo kwa pamoja. Kwa miongo miwili vifo hivyo navyo vilipungua, lakini neema hiyo haikugawanywa sawa. Wanaume hufa zaidi kuliko wanawake, Weusi zaidi kuliko Weupe, na watu wa kaunti maskini zaidi kuliko wa kaunti zenye uwezo. Kuna hesabu nyingine iliyochapishwa 2019, ya wagonjwa zaidi ya milioni 3.2 waliogunduliwa na saratani kati ya 1973 na 2012. Asilimia 38 walikufa kwa saratani yenyewe, na asilimia 11.3 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Nyingine ya mwaka 2011 iliwafuata wanawake 63,566 wenye saratani ya matiti, wote wakiwa na miaka 66 au zaidi. Waliokufa kwa moyo na mishipa walikuwa asilimia 15.9, waliokufa kwa saratani ya matiti, asilimia 15.1.

DAKTARI WA SARATANI: Naomba niingie hapo, mwenyekiti. Hesabu hiyo ya mwisho husomwa kama kashfa ya kliniki zetu, na mimi naisoma kama ushindi. Mwanamke wa miaka 70 aliyetibiwa saratani ya matiti akaishi miaka 12, kisha akafa kwa moyo, amekufa kama walivyokufa wengi wa rika lake. Kila binadamu atakufa kwa kitu. Ukizuia saratani isimuue, umempa nafasi ya kufikia umri ambao moyo huchoka. Kwa hiyo, kuongezeka kwa vifo vya moyo miongoni mwa wagonjwa wetu kunaweza kuwa dalili kwamba tunafanya kazi vizuri.

DAKTARI WA MOYO: Daktari mwenzangu, hoja yako ingetosha kama vifo hivyo vingekuja baada ya miaka 12. Hesabu ile ile ya watu milioni 3.2 inaonyesha kwamba hatari ya kufa kwa moyo, ikilinganishwa na watu wengine, huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya kugunduliwa, na uwiano wake huwa mkubwa zaidi kwa waliogunduliwa wakiwa vijana wa chini ya miaka 35. Kijana wa miaka 30 anayekufa kwa moyo miezi minane baada ya kuanza dawa hakufikishwa huko na uzee.

DAKTARI WA SARATANI: Mwaka wa kwanza ndio mwaka mgonjwa yuko dhaifu kuliko wakati wowote. Saratani yenyewe inamtafuna.

DAKTARI WA MOYO: Ni kweli, na saratani hiyo hiyo huifanya damu igande upesi. Uchunguzi wa 2017 kwa wazee wa Marekani ulikuta kwamba ndani ya miezi sita ya kugunduliwa, asilimia 4.7 ya wagonjwa wa saratani walipata shambulio la moyo au kiharusi. Kwa wenzao wasio na saratani ilikuwa asilimia 2.2. Hiyo ni zaidi ya mara mbili. Juu ya hapo, tunaongeza dawa. Doksorubisini, ile drip nyekundu inayotumika kwa saratani ya matiti na limfoma, inajulikana kuumiza msuli wa moyo tangu miaka ya 1970. Madhara yake hukua kadiri dozi zinavyojumlishwa maishani. Kwa miligramu 400 kwa kila mita mraba ya mwili, moyo ulishindwa kazi kwa wagonjwa wapatao asilimia 5. Kwa 550 ilikuwa asilimia 26. Kwa 700 ilikuwa asilimia 48. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2003, na inaonyesha kwa nini madaktari huweka ukomo wa dozi.

MWENYEKITI: Na dawa nyingine?

DAKTARI WA MOYO: Trastuzumabu imeokoa wanawake wengi wenye aina moja ya saratani ya matiti. Katika jaribio la 2001, ilipotolewa pamoja na dawa za jamii ya doksorubisini, wagonjwa 27 kati ya 100 walipata hitilafu ya moyo. Waliopewa dawa hizo bila trastuzumabu walikuwa 8 kati ya 100. Tukaacha kuzitoa kwa wakati mmoja, tukaanza kuupima moyo kila baada ya miezi michache, na madhara yakapungua. Mionzi nayo: uchunguzi wa wanawake 2,168 wa Uswidi na Denmaki, uliochapishwa 2013, ulionyesha kwamba kila kipimo kimoja cha grei kinachoufikia moyo huongeza hatari ya shambulio la moyo na mengine ya namna hiyo kwa asilimia 7.4. Ongezeko hilo huanza ndani ya miaka mitano na huendelea kwa zaidi ya miaka 20.

DAKTARI WA SARATANI: Nakubali kila tarakimu uliyoitaja. Ninachokataa ni pale zinapogeuzwa kuwa sharti: hakuna drip mpaka eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, ifanyike. Nchi zetu si Uswidi. Mwaka 2020 Tanzania ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani wapatao 40,000 na vifo karibu 27,000. Wengi wetu huwapokea wagonjwa wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Mwanamke ametoka Kigoma au Turkana, ameuza mbuzi, ameacha watoto kwa jirani. Ukimwambia arudi baada ya wiki sita kwa sababu foleni ya eko ni ndefu, huenda hutamwona tena, na ukimwona uvimbe utakuwa umekua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika saratani huua.

MAMA ANAYEUGUZA: Samahani, naomba nami niseme, ingawa sina elimu yenu.

MWENYEKITI: Karibu, mama. Hapa wewe ndiye mwenye habari ambayo sisi hatuna.

MAMA ANAYEUGUZA: Mume wangu ana saratani ya tezi dume, na ana presha tangu zamani. Ana kadi mbili. Kliniki ya presha ni Jumanne na ile nyingine Alhamisi, katika hospitali mbili tofauti. Alipogunduliwa saratani aliacha vidonge vya presha. Hakukatazwa na mtu; aliona saratani ndiyo itakayomuua, sasa presha ya nini? Na nauli ilikuwa ya safari moja. Nilipouliza kule kwenye saratani, niliambiwa niulize kwenye presha. Nilipouliza kwenye presha, niliambiwa kwanza wamalize wale wa saratani. Mimi sijui eko ni nini. Ninachotaka kujua ni nani ananijibu.

MUUGUZI: Mama amesema jambo ambalo sisi wauguzi tunaliona kila siku ya kliniki. Mgonjwa mwenye maradhi mawili hupotea katikati. Saratani ikishatamkwa nyumbani, maradhi mengine yote yanashushwa cheo: kisukari kinasahauliwa, presha inasahauliwa. Na upande wa tezi dume, tiba ya kushusha homoni huenda pamoja na sukari na mafuta kupanda mwilini, na hayo huuelemea moyo, hivyo baba huyo alihitaji vidonge vyake vya presha zaidi kuliko mwaka uliotangulia.

DAKTARI WA MOYO: Niongeze, sista. Kosa hilo si la wagonjwa peke yao. Tafiti za Uingereza na Marekani zimeonyesha kwamba mtu mwenye saratani akipata shambulio la moyo, ana nafasi ndogo ya kuzibuliwa mishipa na ya kupewa dawa zinazostahili kuliko asiye na saratani. Kwa upande wa pili, mwenye moyo mgonjwa mara nyingi hupewa tiba hafifu ya saratani, daktari akihofia kumuua. Kila mmoja wetu anarudi nyuma hatua moja kwa heshima ya ugonjwa wa mwenzake, na mgonjwa anaachwa peke yake hapo katikati. Sehemu ya vifo tunavyovihesabu imetoka hapo.

DAKTARI WA SARATANI: Hilo la kurudi nyuma ni kweli. Nimewaona wagonjwa waliopunguziwa dozi kwa sababu ya moyo ambao hakuna aliyeupima. Ilikuwa hofu tu. Kipimo kingewaruhusu kupata dozi kamili.

MWENYEKITI: Basi kipimo kinaweza kumsaidia mgonjwa wako kupata dawa, badala ya kumcheleweshea?

DAKTARI WA SARATANI: Kwa mgonjwa kama huyo, ndiyo. Bado sijakubali sharti la wote.

DAKTARI WA MOYO: Wala mimi silidai. Mwongozo wa kwanza wa Ulaya kuhusu moyo na saratani ulitoka 2022, na hausemi kila mtu apimwe kila kitu. Unawapanga wagonjwa kabla ya tiba katika ngazi nne: hatari ndogo, ya kati, kubwa na kubwa sana. Umri, presha, kisukari, sigara, historia ya moyo na aina ya dawa inayokuja ndivyo vinavyompangia mtu ngazi. Mwenye hatari ndogo anaendelea na tiba bila kucheleweshwa. Mwenye hatari kubwa anaonwa na daktari wa moyo. Eko inashauriwa kwa wanaoanza dawa za jamii ya doksorubisini au trastuzumabu. Maswali ya kumpangia mtu ngazi yanaulizwa mezani, siku hiyo hiyo.

MUUGUZI: Na kazi kubwa ya mezani hapo ni yetu. Mashine ya presha ipo. Mizani ipo. Kipimo cha sukari cha kidoleni kipo. Kipimo cha umeme wa moyo ni karatasi ya dakika kumi. Tukisubiri mtaalamu wa moyo afike kila hospitali ya mkoa, tutangoja sana. Tukimfundisha muuguzi wa kliniki ya saratani kuuliza na kuandika, tunaanza Jumatatu.

MTAKWIMU: Sista amegusa jambo ambalo takwimu zinaliunga mkono. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa 2015 ulikuta kwamba asilimia 56 ya watu wazima hawakuwahi kupimwa presha hata mara moja. Ule wa Tanzania wa 2012 ulikuta presha ya juu kwa takriban robo ya watu wa miaka 25 hadi 64. Maana yake, wagonjwa wengi wanaoingia kliniki ya saratani wamekuja na moyo ulio hatarini bila wao kujua. Kwa wengi, kitanda cha saratani ndipo mahali pa kwanza mkono wao unapofungwa mkanda wa presha.

DAKTARI WA SARATANI: Sawa. Lakini tusiwape watu matumaini ya dawa zisizothibitishwa. Siku hizi naulizwa kuhusu vidonge vya kushusha mafuta ya damu, kwamba vinaukinga moyo dhidi ya drip.

DAKTARI WA MOYO: Ni swali halali, na jibu lake bado lina pande mbili. Jaribio la 2023 liliwachukua wagonjwa 300 wa limfoma. Waliotumia atovastatini mwaka mzima, asilimia 9 tu walipata kushuka kukubwa kwa nguvu ya moyo. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 22. Jaribio la 2022 kwa wagonjwa ambao wengi wao walikuwa wa saratani ya matiti halikuona faida. Kwa hiyo mwenye sababu nyingine ya kumeza dawa hiyo, kama kisukari au mafuta mengi, asiiache anapoanza tiba ya saratani. Kumpa kila mtu hakujathibitishwa. Tusisahau pia tumbaku, inayozalisha maradhi yote mawili. Mgonjwa anayeacha sigara akiwa kwenye tiba anapunguza hatari za pande zote bila kununua kitu.

MWENYEKITI: Tugeukie vyeti. Bwana mtakwimu, kwa nini Marekani inaweza kutuambia haya na sisi tunakisia?

MTAKWIMU: Kwa sababu ya karatasi. Fomu ya kimataifa ya sababu za kifo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mlolongo: kilichomuua mwishoni, kilichosababisha hicho, mpaka ufikie chanzo. Ya pili ni hali nyingine zilizochangia. Mstari mkubwa wa takwimu huhesabu chanzo kimoja tu, lakini Marekani huhifadhi na zile nyingine, na kutokana na hizo ndipo watafiti walipowapata wenye maradhi mawili. Kwetu watu wengi hufia nyumbani bila daktari kuandika chochote. Na hata hospitalini, aliyekuwa na saratani huandikwa saratani, basi. Kama moyo ulishindwa kwa sababu ya dawa, habari hiyo inazikwa naye.

MUUGUZI: Na jumla ya dozi nayo inapotea. Mtu alipewa drip nyekundu Dar es Salaam miaka kumi iliyopita, leo saratani imerudi akiwa Mwanza, na hakuna anayejua alishapewa kiasi gani. Tungeiandika kwenye kadi anayotembea nayo.

DAKTARI WA SARATANI: Hilo naliunga mkono bila masharti. Na kuna jambo la miji yetu. Dar es Salaam ina Taasisi ya Saratani Ocean Road, na ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanza 2015. Kampala ina Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa 1967, na Taasisi ya Moyo ya Uganda, zote katika eneo la Mulago. Utaalamu wa maradhi yote mawili upo ndani ya mji mmoja, mahali pengine juu ya kilima kimoja. Siku moja ya kliniki ya pamoja kwa wiki, daktari wa moyo na wa saratani wakikaa na faili moja, ingemjibu mama huyu.

MAMA ANAYEUGUZA: Siku hiyo ikiwepo, mimi nitalala kituoni usiku ule nisiikose.

MWENYEKITI: Nawashukuru nyote. Sasa nitoe hukumu.

Hoja imepita, kwa marekebisho aliyoyapigania daktari wa saratani. Kliniki ya saratani inawajibika kwa moyo wa mgonjwa, kwa sababu ndiyo inayompa dawa na mionzi inayougusa, na kwa wengi ndiyo mahali pa kwanza wanapopimwa. Wajibu huo usigeuzwe kuwa kikwazo. Presha, sukari, umeme wa moyo na maswali ya historia vifanywe kwa kila mgonjwa siku ya kwanza, na wauguzi wapewe mafunzo na mamlaka ya kuvifanya. Eko ipewe kwanza wanaoanza dawa zinazojulikana kuumiza moyo na wale waliokwisha kuugua moyo. Mwenye hatari ndogo aanze tiba bila kungoja. Vifo vya watu wenye maradhi haya mawili vimepungua kule ambako madaktari walipima, wakaweka ukomo wa dozi na wakaandika. Vilibaki juu kwa maskini na kwa waliobaguliwa, ambao hayo yote yaliwafikia kwa kuchelewa. Tusiwaachie watu wetu njia ya pili.

Kwa wizara za afya za Afrika Mashariki: agizeni kwamba jumla ya dozi iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa, na kwamba fomu ya kifo ijazwe sehemu zote mbili. Gharama yake ni wino na mafunzo.

Na kwako msomaji mwenye saratani, au unayemuuguza mtu mwenye saratani: usiache dawa za presha, moyo au kisukari kwa kuwa saratani imeingia. Zibebe hadi kliniki na uziweke mezani. Uliza mambo matatu: je, dawa ninayoanza inagusa moyo? Moyo wangu umepimwa? Nikianza kuvimba miguu, kubanwa na pumzi au kuumwa kifua, nimpigie nani simu? Hayo ni haki yako kuuliza, na ni wajibu wa anayekutibu kuyajibu kabla drip ya kwanza haijafunguliwa.